Shahada Mbili

Kibokoni, mtu akishavaa shati la kola na kuchomeka kalamu mfukoni, huitwa karani, na akishaitwa karani basi, hata siku ya kuzikwa atazikwa karani. Taib Gharib alikuwa mhasibu. Alitunza hesabu za kampuni moja ya uwakala wa forodha kule Kilindini, iliyokuwa ikishughulikia mizigo ya watu bandarini, na kazi hiyo aliianza bendera ya Mwingereza ingali juu, ikateremshwa, ikapandishwa hii yetu, naye yuko pale pale na madaftari yake. Lakini mtaani alikuwa Karani tu. Mamake, Bi Tumu, akiulizwa mwanawe afanya kazi gani, alijibu kwamba yuwaandika-andika huko kwa Wazungu, kana kwamba kuna mtu duniani alipwaye kwa kuandika-andika.

Taib hakuwa mtu wa kuudhika kwa jina. Lililomuudhi lilikuwa jingine, nalo lilimjia kila mwezi. Wakubwa wa kampuni walikuwa wakikutana ghorofani, katika chumba chenye meza ndefu na feni ya dari. Taib aliitwa, akaingia, akaulizwa mwezi uliopita tumepata nini, tumepoteza wapi, mzigo gani umelala bohari. Akajibu, wala hakubabaika hata mara moja. Kisha mkuu wa hesabu, Mzungu mrefu mwembamba mwenye adabu zake, alimwambia ahsante, Taib akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipoanza. Akishuka ngazi aliwasikia wakiulizana: mwakani tununue malori? Kahawa ya bara itazidi au itapungua? Tufungue ofisi Kampala? Na mara nyingi alijikuta amesimama katikati ya ngazi, madaftari kifuani, akijibu kimoyomoyo maswali ambayo hakuna aliyemwuliza yeye.

Hicho ndicho alichokitamani. Mshahara aliutaka, nani asiyeutaka, lakini haukuwa mshahara uliomnyima raha. Alitamani siku moja aulizwe yajayo. Maisha yake yote aliulizwa yaliyopita, kama mtu aliyewekwa kulinda makaburi. Na wote waliokuwa wakiulizwa yajayo walikuwa na kitu kimoja asichokuwa nacho yeye, digrii ya biashara kutoka chuo kikuu. Tamaa ya kitu hicho ilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Hauui, lakini kila ukimeza wajua kwamba upo.

Basi mwaka wa 1965, siku zile serikali ilipotaka kazi za wakubwa zishikwe na wananchi, yule Mzungu alimwita Taib akamweleza mambo wazi. Yeye atarudi kwao. Kiti chake atapewa mwananchi, lakini wakurugenzi wanataka mwenye digrii. Kipo chuo kaskazini mwa Uingereza alikosoma yeye mwenyewe. Angemwandikia Taib barua nzuri. Miaka mitatu, kwa gharama zako mwenyewe, na ukirudi utakaa kwenye kiti kama hiki, kama si hiki hiki. Taib akamwuliza, nami nikirudi nikakuta kimekaliwa? Mzungu akasema hilo hawezi kulitolea ahadi. Angalau hakusema uongo.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Katana. Katana alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, akikaa Buxton na mkewe, na pale ofisini meza yake na ya Taib zilikuwa zikigusana. Walikula pamoja adhuhuri katika hoteli moja ya Mwembe Tayari, hapo wasafiri wa bara wanapongoja mabasi na kila mtu yuko mbioni isipokuwa mwenye hoteli. Katana alikuwa akifanya mitihani ya uhasibu kwa njia ya posta, akisoma usiku, akituma majibu Ulaya kwa bahasha, na alikuwa amekwisha pasi sehemu ya kwanza. Alimsikiliza Taib mpaka mwisho huku akimega chapati.

"Usiwache mbachao kwa msala upitao," akamwambia. "Digrii hiyo ni ghali mno, na kiti hakitakungoja. Asiyekuwapo na lake halipo. Fanya mitihani ya posta kama mimi. Ukipasi u mhasibu kamili, na hujauza hata nazi moja."

Taib akasema kwamba mitihani ya posta itamfundisha kuhesabu, na kuhesabu anajua.

"Basi wataka nini?"

"Nataka wasinifungie mlango," akasema Taib.

Katana akanywa chai yake. Akasema kwamba hilo yeye hajui linauzwa duka gani, na wakarudi kazini.

Alipotaja nazi, Katana hakuwa akitania. Miaka mitatu ya ada, ya chumba, ya makaa ya kuota baridi, na huku nyuma mke na mama wale nini? Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kutosha yote hayo, nacho ni shamba la minazi la Kisauni, alilowaachia marehemu babake Taib, yeye na mamake. Minazi ile ndiyo iliyomlea Taib, ikamvisha, ikamsomesha, na Bi Tumu alikuwa akiitaja kama watu wanavyowataja jamaa zao. Mnunuzi hakukosekana. Uliokosekana ni ulimi wa kumwambia Bi Tumu.

Taib akaona jambo zito lataka neno zito. "Digrii" aliliona kavu, neno la Kizungu lisilo na mzizi. Zama hizo watu walikuwa wakisikiliza idhaa ya Kiswahili kutoka Kairo, na watangazaji wa Kairo hawakusema digrii, walisema shahada. Taib alilipenda neno hilo. Lilikuwa na heshima, lilikuwa na harufu ya elimu ya dini, na mama gani wa Kibokoni asingeliitikia? Hapo ndipo maskini alipojichongea.

Alimkuta mamake ukumbini baada ya alasiri, amekalia mkeka, achagua mchele katika ungo. Akaketi karibu yake.

"Mama, naja kukutaka radhi," akasema. "Nataka kwenda Ulaya nikachukue shahada."

Mikono ya Bi Tumu ikasimama. "Shahada?"

"Ndio, mama. Shahada ya kwanza. Miaka mitatu tu."

"Na hii uliyo nayo?"

Taib, akidhani mamake auliza kuhusu cheti chake cha shule, akajibu kwa upole, "Hii niliyo nayo haitoshi, mama. Kazini hawaihesabu kitu."

Bi Tumu aliuweka ungo chini. Kwake yeye, kama kwa kila mtu wa mtaa ule, shahada ilikuwa moja: lile neno Muislamu alishuhudialo, kwamba hapana mola ila Mungu na Muhammad ni mtume wake, ambalo mtu huzaliwa ndani yake na, Mungu akimjaalia, hutoka nalo roho ikitoka. Babake Taib alimwadhinia mwanawe sikioni saa ile ile aliyozaliwa. Na leo mtoto huyo huyo yuwamwambia kwamba haitoshi, na kwamba anakwenda kwa Wazungu kuchukua nyingine. Aliinuka akaenda kutia udhu, na Taib akabaki akidhani kwamba mama amehuzunikia minazi.

Siku zilizofuata Bi Tumu hakula ila maji na tende. Alijifunga buibui akaenda kwa jirani, na jirani akajifunga lake akaenda kwa mwingine, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa ukijua kwamba Karani anabadili dini kwa sababu ya cheo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui. Aliona tu kwamba akipita barazani na kutoa salamu, wazee walimjibu "Wa alaikum" wakakomea hapo, jibu apewalo asiyekuwa Muislamu. Muuza kahawa alimpa kikombe chake, kisha akakisuza na kukisuza tena. Ijumaa maalim akahutubia juu ya mtu auzaye akhera yake kwa kiti cha dunia, na Taib, katika safu ya mbele, akitikisa kichwa kwa kukubaliana naye. Alimsikitikia sana mtu huyo, yeyote aliyekuwa.

Jambo lilipasuka Jumamosi, alipokuja mkwewe. Mzee Abdulghafur alikuwa fundi seremala, mchongaji milango, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikuja na mkokoteni. Alikuwa amekuja kumchukua binti yake. Swabaha, mkewe Taib, alikuwa amekaa dirishani akishona kofia ya mumewe, kofia ya vito, ya vitundu vidogo vya sindano, aliyoianza siku aliposikia habari ya Ulaya, ili huko kwenye baridi awe na kitu cha kwao kichwani. Babake akamwambia afunge nguo zake, kwa maana ndoa yake imekufa. Mwanamke wa Kiislamu hakai na mtu aliyetoka katika dini.

"Katoka lini, baba?" akauliza Swabaha. "Alfajiri ya leo ndiye aliyeniamsha nisali."

Mzee akageuka akamtazama Taib, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Akamwamuru atamke shahada. Taib, bila ya kuelewa lolote, akazitamka zote mbili, ya Mungu na ya Mtume, kwa sauti, na kwa kuwa aliona nyuso zao zilivyo akazirudia. Kisha akauliza kuna nini. Na hapo, kidogo kidogo, neno likachambuliwa kama mchele ule wa Bi Tumu, likaonekana jiwe liko wapi. Shahada ya Kairo. Karatasi. Digrii. Ya biashara.

Bi Tumu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka ushungi ukamwanguka, machozi yakimtoka, na hakuna aliyeweza kujua ni ya kicheko tu au na ya zile siku alizokuwa akimlilia mwanawe. "Kwani hukusema dagrii?" akamwuliza.

"Nalitaka neno la heshima, mama."

"Heshima yako ilikuwa yataka kuniua."

Na kwa raha ya moyo uliorudishiwa mwana, akasema pale pale mbele ya Mzee Abdulghafur kwamba shamba na liuzwe. Ikiwa ni karatasi tu wanayoitaka Wazungu, basi aende akaichukue. Wakati Mzee anausukuma mkokoteni wake mtupu kurudi zake, Bi Tumu alimshika Taib mkono akabaki naye ukumbini.

"Nenda kachukue yako," akamwambia. "Lakini na yangu mimi, siku ya kuitoa, nani atakayenitamkia nimfuate?"

Alisema kwa utani. Ndiyo mila, mtu akiwa katika mauti, aliye karibu naye humnong'oneza shahada sikioni, taratibu, ili ulimi wake uifuate. Na Bi Tumu hakuwa na mwana mwingine. Taib akasema Swabaha yuko. Bi Tumu akakubali, Swabaha yuko, tena kwa kusoma amshinda hata yeye Taib. Wakaendelea na mambo mengine.

Mambo yakaenda mbio. Chuo kikakubali. Mnunuzi wa shamba akawa anapita kila jioni kujulia hali. Wale wale waliomjibu nusu salamu wakamletea halwa na nasaha. Swabaha akafika kwenye duara la mwisho la kofia, na kila alipoipitisha sindano alinyamaza zaidi, kwani naye alikuwa na lake, isipokuwa hakuna aliyemwuliza. Na Taib usingizini alikuwa akikiona kile chumba cha meza ndefu, na yeye yumo, na mlango umefungwa, lakini umefungwa yeye akiwa ndani.

Siku ya kwenda kulipia nafasi katika meli, alitoka kazini mapema akapitia nyumbani kuchukua pasi yake ya kusafiria. Mlango ulikuwa wazi. Mamake alikuwa amelala chali ukumbini juu ya mkeka, kinywa wazi, leso imemfunika mpaka kifuani. Taib akasimama mlangoni akaitazama ile leso. Haikwenda. Akangoja. Hakuthubutu kuita, kwa sababu mtu akiita asiitikwe jambo huwa limekwisha, na asipoita huenda halijawa. Mtaani muuza kahawa alikuwa akigonga vikombe vyake, na nyumba ilikuwa kimya. Kisha leso ikapanda, ikashuka.

Taib akakaa kizingitini. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Alimpenda mamake kuliko alivyojua. Akawaza kwamba huko Ulaya kila siku atakuwa amesimama mlangoni namna hii, kwa miaka mitatu, akiitazama leso asiyoiona, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia kama imepanda. Hakuingia kuchukua pasi. Alirudi ofisini akaandika kwa chuo kwamba atakuja mwakani.

Aliposema hivyo wakati wa kula, alidhani mama atafurahi. Bi Tumu alisukuma sahani.

"Mimi sikukwambia usende," akasema. "Wanikalia matanga ningali hai. Kama waogopa baridi, sema waogopa baridi, lakini usinifanye mimi kisingizio."

Kofia ilikuwa imekwisha. Swabaha akampa Taib, naye akaivaa Idi iliyofuata, kwani kofia haikuwa na kosa.

Na mwakani, kila mtu ajua, ana ndugu wengi. Wa kwanza alipokuja, mnunuzi alikuwa amekwisha nunua shamba jingine. Wa pili alipokuja, kiti kilikuwa na mwenyewe. Katana alimaliza mitihani yake ya posta, akahamia kampuni nyingine kwa cheo kikubwa, akanunua gari kuukuu, na siku alipompakia Taib ndani yake hakujizuia kumwambia, nilikwambia. Hesabu ya Katana ilikuwa sawasawa, na Taib, mhasibu, aliweza kuiona kwamba ni sawa. Kwa mkate wa mtu, digrii ile haikuwa na haja. Naye akafuata njia ile ile, akaandika, akatuma bahasha, akapasi, akaongezwa mshahara. Mwiba haukutoka.

Aliyekalia kiti cha Mzungu alikuwa Kioko, kijana kutoka Ukambani aliyerudi na digrii yake kutoka Uingereza. Mtaa ulimtaka Taib amchukie, na barazani walikuwa tayari kumsaidia. Lakini Kioko alikuwa mtu. Alijua kazi, alijua hata yale ambayo Mzungu hakuyajua, na ukimwuliza akueleze alivuta kiti akakueleza. Siku moja Taib akajikaza akamwuliza lile la moyoni, kama ile digrii, pamoja na gharama zake zote, ilimfaa.

"Ilinifaa," akasema Kioko. "Ningekudanganya nikisema haikunifaa."

Taib alimpenda zaidi kwa kutomdanganya, na siku ile alirudi kwao kwa miguu mpaka Kibokoni, hakutaka kusema na mtu.

Na Bi Tumu hakufa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulisema. Mama ambaye kwa ajili yake Ulaya iliachwa alikuwa mzima wa afya, akikaanga samaki, akigombana na wauza mboga, akimzika huyu na kumzika yule. Miaka mitatu ikapita naye yupo. Jioni moja ya mwaka 1968 Taib alirudi akakuta kaimati, ilhali si Ramadhani wala si Idi. Bi Tumu akamwekea sahani mbele yake.

"Leo ungelishuka melini," akamwambia. "Nimekuwa nikihesabu."

Alikuwa amehesabu kwa miezi ya kuandama, kama watu wa kwetu wahesabuvyo, na miezi hiyo ni mifupi, kwa hiyo alimshusha mwanawe melini mwezi mzima kabla ya siku yake. Taib aliliona kosa lile upesi, macho ya mhasibu hayapumziki. Hakulisahihisha. Alikula kaimati zote, na kila moja ilipita juu ya ule mwiba.

Baada ya hapo Bi Tumu akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha majina. Jioni, Taib akiingia, alimpokea kwa uso mkunjufu na kumwuliza, "Umerudi lini?" Na Taib, akivua viatu, alijibu, "Sasa hivi, mama." Mama akamshukuru Mungu, akamtaka aketi, akamwuliza kama kulikuwa na baridi. Taib alidhani asema juu ya mvua, akasema kidogo tu. Wakakaa hivyo kila jioni, na hayo yakawa ndiyo mazungumzo yao.

Ikafika siku ya mkutano, mwaka wa 1969. Taib akaingia, akaulizwa mwezi uliopita, akajibu, akafunga madaftari yake, akainuka. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia jina lake.

"Kaa, Bwana Taib," akasema Kioko. "Mfereji wa Suez ungali umefungwa, na meli zazunguka kusini. Wewe waonaje? Mwakani itakuwaje?"

Mtu akakifunga kile chumba, na Taib yumo ndani. Akarudi akaketi. Kisha akasema. Alisema juu ya meli na maghala, juu ya malori na kahawa ya Uganda, yote aliyokuwa akijibu ngazini miaka yote ile, na wengine walimpinga, akawajibu, na kuna alipokosea wakamwonyesha, naye akakubali, na hata kukosea kulikuwa kutamu, kwa sababu yaliyopita mtu hawezi kuyakosea hivyo. Hakuna aliyetazama saa. Alikuwa na furaha kama ya mtoto aliyepandishwa begani.

Alipotoka, alimwona Mzee Abdulghafur ameketi kwenye ngazi, katikati, pale pale alipokuwa akisimama yeye. Mzee alikuwa amekuja kwa teksi, na bawabu alimwambia wakubwa wako mkutanoni, asubiri. Akasubiri. Alimtazama mkwewe kwa macho mekundu, akamwambia, "Mungu akupe subira, mwanangu," na Taib akaelewa.

Walimzika Bi Tumu alasiri ile ile. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Swabaha alimwita mumewe kando, chumbani, akamsimulia. Mama aliamka vyema, akanywa chai, kisha akasema kifua kimembana. Mambo yakaenda upesi. Babake Swabaha alipanda teksi kwenda kumwita Taib, na kijana wa jirani akamfuata huko ngazini na habari kwamba yamekwisha. Swabaha ndiye aliyekipakata kichwa chake. Alipoona hali imekuwa ile, alimwambia mama, subiri, Taib ameshaitwa, yuwaja.

"Akasemaje?" Taib akauliza.

Swabaha akaishika leso yake kwa mikono miwili. "Alisema, 'Mwateni, msimsumbue. Mwanangu yuko Ulaya, yuwachukua shahada yake. Nitamkieni mimi yangu.'"

"Nawe ukamwambiaje?"

"Sikumsahihisha," akasema Swabaha. "Nikamtamkia, akanifuata mpaka mwisho, zote mbili."

Taib akaitikia kwa kichwa. Alitaka kumwambia mkewe kwamba amefanya vyema, lakini wakati ule ndipo alipozikumbuka zile jioni zote, na uso ule mkunjufu, na swali la baridi. Alikuwa akipokewa kutoka safari. Kila siku ya Mungu mamake alikuwa akimpokea kutoka Ulaya, naye akivua viatu na kujibu kwamba kulikuwa na baridi kidogo tu.

Watu wa matanga walikaa mpaka magharibi, kisha wengine wakaondoka na wengine wakabaki barazani. Taib aliwasindikiza waliokuwa wakienda mpaka pembe ya mtaa. Aliporudi alisimama kizingitini, akavua viatu, akaingia ukumbini. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Alingoja kidogo pale mlangoni, na hakuna aliyemwuliza amerudi lini.